Swali Lisilo na Mlezi

Nilizaliwa Nguvumali, mtaa wa Tanga ambao jina lake ni sentensi nzima. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, alilitaja jina hilo kama mtu atajaye wasia. Alizoea kusema kwamba mwenye shamba huhesabu minazi yake, mwenye duka huhesabu fedha zake, na sisi tusio na shamba wala duka hatuna budi kuhesabu mikono yetu. Nilipokuwa mtoto nilidhani kuwa nguvu ni ile ya bega lililo chini ya gunia. Nilipokuwa mtu mzima, nikasomea utabibu, niliona kwamba nguvu yaweza kuibwa mwilini mwa kijana mbele ya macho ya wazazi wake, wala asipatikane askari wa kuirudisha. Insha hii ni habari ya wizi huo. Lakini zaidi ya hayo ni habari ya nguvu nyingine ambayo hatujazoea kuiandika katika hesabu ya mali zetu, nayo ni nguvu ya kuuliza swali na kulifuata mpaka lijibiwe.

Dada yangu alijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa mama yake yu hai na machozi yake hayajakauka. Alikuwa fundi wa baiskeli, mwepesi wa mkono na wa maneno. Gurudumu lililopinda aliliweka mbele ya jicho moja, akalizungusha, akalikaza hapa na kulilegeza pale, likanyoka kama kwamba halikupata ajali. Unga wa heroini ulikuwa umefika pwani yetu tangu miaka ya 1980, ukivuka bahari kutoka Asia. Mwanzo ulikuwa wa rangi ya hudhurungi, na vijana waliuchanganya na bangi katika sigara wakauita kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mweupe, ulioyeyuka upesi katika maji, na sindano ikakaa mahali pa moshi. Mpwa wangu alipita njia hiyo yote, hatua kwa hatua, na sisi tulimtazama akienda kama watu watazamao chombo kikitoweka katika upeo wa bahari.

Usiku mmoja alikuja nyumbani kwangu akitetemeka. Jasho lilimtoka na miayo haikomi. Tumbo lilimkata na mifupa ilimuuma. Vijana huiita hali hiyo arosto. "Mjomba," aliniambia, "si raha ninayoitafuta tena. Natafuta kuwa kama watu wengine tu." Nilimpa vidonge vya maumivu na hotuba ndefu. Vidonge havikumfaa; hotuba ilimdhuru. Sheria ilimwita mhalifu, mtaa ulimwita teja, watu wa dini walimwita mpotevu, na mimi, mjomba wake mwenye cheti ukutani, sikuwa na jina bora la kumpa. Alikufa mwaka 2008 kwa homa iliyoanzia katika sindano ikaishia katika moyo. Umri wake ulikuwa miaka 26. Matangani nilisikia mtu akisema kwamba afadhali amepumzika, na mama yake naye amepumzika. Dada yangu alisikia pia. Hakujibu neno.

Nimeeleza msiba huu si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa sababu ulinifunza tofauti ya mambo mawili yanayofanana. Huzuni si swali. Nilikuwa na huzuni nyingi kwa miaka kadhaa, wala haikumponya mtu. Swali lilikuja baadaye, na lilikuja kwa aibu.

Mnamo Februari 2011, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mjini Dar es Salaam, ilifunguliwa kliniki ya serikali ya kutibu waraibu wa heroini kwa methadoni, ya kwanza ya namna yake katika nchi za bara zilizo kusini ya Sahara. Haikushuka kutoka mbinguni. Ilitanguliwa na miaka ya madaktari na watafiti waliokwenda vijiweni kuuliza na kusikiliza. Daktari Jessie Mbwambo, bingwa wa maradhi ya akili, alikuwa miongoni mwao na miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo. Mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Texas walitangaza habari ya kutisha: ya kwamba baadhi ya wanawake wa Dar es Salaam waliojidunga walivuta damu yao wenyewe ndani ya sindano, wakampa mwenziwe asiye na fedha ajidunge, ili kumpunguzia arosto. Fikiri, msomaji, jinsi huruma na mauti zilivyokaa katika sindano moja. Hakuna ambaye angalilijua jambo hilo kwa kukaa ofisini. Ilihitajiwa mtu aliyefundishwa kuuliza, na watu walioamini kwamba hawatahukumiwa kwa kujibu.

Baada ya Muhimbili kliniki nyingine zilifuata, bara na Unguja, na miaka michache baadaye nilipelekwa kufanya kazi katika mojawapo, katika mji wa pwani ambao sitautaja. Kazi yangu ilikuwa dirishani. Kila asubuhi wagonjwa walipanga mstari; kila mmoja alitaja nambari yake, akapewa dawa ya maji katika kikombe, akainywa mbele yangu, akasema neno ili nijue kwamba ameimeza. Methadoni ni ndugu wa heroini, lakini ni ndugu mwenye adabu. Hukaa katika viti vile vile ndani ya ubongo, huondoa arosto kwa siku nzima, wala haimpandishi mtu juu kisha ikamtupa chini. Huanzwa kwa kipimo kidogo, kikaongezwa kwa uangalifu. Niliwaona watu waliokuwa wakilala mitaroni wakirudi makwao wamevaa mashati safi. Niliwaza moyoni kila siku juu ya fundi wa baiskeli aliyekufa miaka mitatu kabla ya kikombe hiki kufika nchini.

Alikuwako mgonjwa mmoja, mvuvi wa makamo, aliyeendelea vizuri kwa miezi mitano. Siku moja aliniambia, "Dokta, dawa imekufa. Nikiinywa alfajiri, jioni arosto imenishika." Nilimwambia arudi kesho. Akarudi na maneno yale yale, akitoka jasho. Nilimshuku kuwa amerudia unga, au anataka kipimo kikubwa ili akitafutie hila. Siku ya tatu nilimwambia mbele ya wenzake, "Dawa haifi. Uongo wako ndio unaokuua." Alinitazama kwa muda, akanywa kikombe chake, akaenda zake. Siku ya nne hakuja, wala ya tano, wala hakuja tena.

Mwezi uliofuata alipangiwa nasi daktari kijana, binti wa watu wa Pangani, aliyetoka masomoni. Aliniamkia "Shikamoo, Baba," akakaa nami dirishani siku nzima bila ya kuonyesha kwamba cheo chake kilipita changu. Nilimsimulia habari ya yule mvuvi kama mfano wa udanganyifu wa wagonjwa. Hakucheka. Aliuliza, "Baba, je, alikuwa na maradhi mengine?" Nikamjibu kuwa alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu. "Lini?" Tulifungua majalada mawili, la kwetu na la kifua kikuu, tukayaweka bega kwa bega. Alianza dawa za kifua siku tisa kabla ya kuniambia kwamba methadoni imekufa.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayeogopa kumwumiza mzee. Katika dawa za kifua kikuu imo rifampisini. Dawa hiyo huliamsha ini lifanye kazi kwa haraka kuliko desturi, nalo huivunja methadoni kabla ya siku kwisha. Mgonjwa hakusema uongo. Mwili wake ulisema kweli, na mimi niliyekuwa na cheti nilimwita mwongo. Tiba yake ilikuwa nyepesi: kipimo kiongezwe pole pole maadamu anatumia dawa za kifua, kisha kipunguzwe azimalizapo. Tulimtuma mtu akamtafute. Alikuta amehama, na aliyempangisha chumba hakujua alikokwenda.

Nilimwuliza yule daktari alikolipata jambo hilo. Ndipo aliponisimulia habari ya New York, nayo imekaa kichwani mwangu mpaka leo. Mwaka 1964 katika taasisi ya Rockefeller, Vincent Dole, daktari aliyekuwa akichunguza jinsi mwili utumiavyo chakula, alishirikiana na Marie Nyswander, bingwa wa akili aliyewatibu waraibu kwa miaka mingi akachoshwa na kuona wanarudia unga. Walimchukua kijana mmoja, Mary Jeanne Kreek, daktari aliyekuwa bado akijifunza kazi hospitalini. Mwaka 1965 Dole na Nyswander walitangaza matokeo ya methadoni kwa wagonjwa 22. Ishirini na wawili tu! Leo dawa hiyo hunywewa duniani na watu wasiohesabika kwa vidole vya mji mzima. Na yule kijana aliyelelewa nao alikua katika kazi hiyo hiyo, na mwaka 1976 yeye na wenzake ndio walioeleza kwamba rifampisini huiondolea methadoni nguvu. Yaani jibu la mvuvi wangu lilikuwako duniani kwa miaka 40. Lilitoka kwa mtu aliyepewa walimu wawili, mahali pa kukaa, na miaka ya kufikiri, naye akiwa bado anashika mikono ya wagonjwa.

Tangu siku ile nilinunua daftari. Nilikuwa na swali langu mwenyewe, ambalo New York haiwezi kulijibu. Niliona kwamba wavuvi hutupotea kwa makundi. Pepo za kaskazi zinapotulia bahari, wengi huenda dago, wakapiga kambi katika visiwa na fukwe za mbali kwa majuma kadhaa. Na huko hakuna dirisha wala kikombe. Wenzangu walisema kwamba wametoroka kwa kiu ya unga. Mimi nilishuku kwamba wamefuata samaki. Tofauti si ndogo. Ikiwa ni kiu, dawa yake ni kipimo na ushauri. Ikiwa ni msimu, dawa yake ni kupanga namna ya kuwapatia methadoni huko waendako, au kuwaagiza kwa kliniki iliyo karibu. Ukimtibu mwenye njaa kwa dawa ya kiu, utamlaumu bure kwamba hakushiba. Niliandika kila aliyekosa, tarehe aliyokosa, hali ya maji, bamvua au maji mafu, na upepo uliokuwa ukivuma. Nilijaza kurasa nyingi, nami nikajiona mwanachuoni.

Daktari kijana aliliona daftari akalipenda swali. Alitaka kulifanya kazi yake ya miaka mitatu: atibu asubuhi, achunguze mchana, na awe na mtaalamu wa kumwongoza. Aliandika maombi. Katika ofisi ya kwanza aliambiwa kwamba fungu lililopo ni la dawa na mishahara, halina nafasi ya maswali. Katika ofisi ya pili aliambiwa kwamba aende masomoni kwanza, kisha arudi. Lakini masomo yale yalimtaka aache wagonjwa, na mshahara ukatike. Mtaalamu mmoja alikubali kumsaidia kwa moyo mwema, lakini yeye mwenyewe alikuwa na wanafunzi wengi na kazi za wodini zisizokwisha, wala hapakuwa na mtu wa kumlipa kwa saa ambazo angempa. Baada ya mwaka mmoja na nusu binti wa Pangani alichukua kazi katika mradi wa maradhi mengine. Simlaumu. Alikuwa na mama wa kumtunza na wadogo wa kuwasomesha. Swali lilibaki na mimi, kama mtoto aliyeachwa kwa jirani.

Wakati huo nilianza kujiuliza kwa nini maswali mengine hupata mlezi, na mengine hayapati. Sisi watu wa Tanga tunao mfano mkubwa karibu na milango yetu. Daktari Bagster Wilson alichunguza malaria Tanga na Muheza tangu miaka ya 1930. Mwaka 1949 iliundwa idara ya malaria ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikaa Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki. Taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, nayo ikarithi kazi hiyo. Katika miaka hiyo yote fedha zilitoka, vijana wakasomeshwa, wakakaa na walimu wao, wakawa walimu. Chanjo ya malaria ilipojaribiwa kuanzia mwaka 2009 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo, na aliyekiongoza alikuwa Daktari John Lusingu pamoja na wenzake wa nchi hii. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike. Kutoka Muheza ya 1930 mpaka Korogwe ya 2021 ni safari ya karibu miaka 90, na katika safari hiyo mwanafunzi alikuwa mwenyeji, na mwenyeji akawa nahodha.

Kwa nini malaria ilipata na uraibu haukupata? Nadhani sababu moja ni aibu. Mtoto mwenye malaria hana kosa. Mbu ndiye mkosaji. Mraibu huhesabiwa kuwa ni mgonjwa na mbu kwa pamoja. Tukimwona tunauliza, "Amefanya nini?" badala ya kuuliza, "Amepatwa na nini?" Swali la kwanza hutaka hakimu, la pili hutaka mtafiti, na ni rahisi kwa serikali yoyote kupata fedha za hakimu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Neno hilo ni kweli kwa mtu mmoja, na ni kweli kwa taifa.

Wala asidhani mtu kwamba kazi hii haiwezekani kwetu. Moshi, mji ambao reli yetu ya Tanga ilijengwa kuuendea, iko Hospitali ya KCMC. Hapo waliona kwamba wengi walioletwa wamevunjika na kuumia walikuwa wamekunywa pombe. Watafiti wa hospitali hiyo na wa Chuo Kikuu cha Duke walitengeneza mazungumzo mafupi ya muuguzi na majeruhi, katika Kiswahili na kwa desturi za mahali, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako, wakayajaribu kwa utaratibu wa kisayansi. Tazama jinsi swali lilivyozaliwa: halikuzaliwa maktabani, lilizaliwa katika chumba cha majeruhi, usiku, kwa watu wenye damu mikononi. Na lilikua kwa sababu walikuwako walimu, muda na fedha za kulilea.

Mambo hayo matatu ndiyo kiini cha insha yangu. La kwanza ni muda. Tabibu aliyehudumia watu 200 tangu alfajiri hana akili iliyobaki ya kufikiri. Atatibu vizuri na kusahau vizuri. La pili ni mlezi. Kijana ajifunzaye kuunda jahazi haachiwi shoka na vitabu. Hukaa na fundi miaka, akashika ubao huku fundi akipiga msumari, akaonyeshwa mbao ipi italia maji yakipanda na ipi itanyamaza. Utafiti ni ufundi wa namna hiyo. Makosa yake hayaonekani ila kwa jicho lililokwisha kuyafanya. La tatu ni ujira, wa mwanafunzi na wa mlezi vile vile. Tumezoea kumlipa mwanafunzi kidogo na kumwomba mlezi kwa ajili ya Mungu. Mlezi asiyelipwa atakupa dakika zake za mwisho, na dakika za mwisho ni za kupiga miayo.

Marekani walilifahamu jambo hili wakaliandikia utaratibu. Taasisi yao ya taifa ya utafiti wa dawa za kulevya ilianzishwa mwaka 1974. Miongoni mwa ruzuku za taasisi zao za afya iko moja ambayo humlipia daktari, kwa miaka 3 mpaka 5, kwa kawaida robo tatu ya muda wake wa kazi, ili achunguze maradhi kwa wagonjwa chini ya mlezi aliyetajwa kwa jina. Na iko nyingine imlipayo mlezi mwenyewe ili apate nafasi ya kulea. Baadhi ya fedha hizo, kwa njia ya vyuo, zilifika mpaka kwetu, na wengi wetu tulianza kuziona kama mvua ambayo lazima inyeshe. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Mei mwaka huo huo taasisi zao za afya zikatangaza kutotoa tena kwa utaratibu wa zamani mafungu madogo ya utafiti kwa washirika wa nchi za nje. Mwenye wingu alilihamisha. Hatuna haki ya kumshitaki mwenye wingu. Tuna wajibu wa kuchimba kisima.

Nawasikia wanaopinga. Wa kwanza atasema, "Dawa kwanza, maswali baadaye." Mimi nimesimama dirishani, najua thamani ya dawa. Lakini yule mvuvi alipewa dawa kila siku, akakosa mtu wa kuuliza kwa nini haikumfaa. Basi dawa ile ilipotea, na mtu akapotea pamoja nayo. Wa pili atasema, "Majibu yapo ng'ambo, tuyaazime." Tuyaazime, ndiyo, rifampisini ni rifampisini kila mahali. Lakini jibu la kuazima nalo lilikaa njiani miaka 40 kwa kukosa mtu wa kulipokea. Na habari za dago na kaskazi hazitaandikwa ng'ambo hata tukingoja miaka mia. Wa tatu atasema, "Tukiwasomesha watahama." Pingamizi hili ndilo zito, nami silidharau, maana nimemwona mmoja akihama. Walakini hakuhama kwa sababu alilelewa; alihama kwa sababu hakulelewa. Mche usiomwagiliwa maji haulaumiwi kwa kutozaa.

Mwaka 2007 wakuu wa nchi za Afrika, wakikutana Addis Ababa, walihimiza kila nchi itumie asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo ya sayansi. Siombi asilimia hiyo yote kwa waraibu. Naomba kidogo: nafasi chache kila mwaka kwa madaktari, matabibu na wauguzi wanaotibu uraibu, katika Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, kila mmoja na mlezi wake, wote wawili wakilipwa, nusu ya siku ikiwa ya wagonjwa na nusu ya swali. Gharama yake haitafikia thamani ya magari ambayo tumeyaona yakipelekwa katika mikutano ya kuzungumza juu ya uraibu.

Nimestaafu sasa, nimerudi Nguvumali. Idi iliyopita yule daktari alinitembelea. Tulikula mahamri na mbaazi, akawajulia hali watu wa nyumbani, kisha akaomba daftari. Alilichukua usiku mmoja, akalirudisha asubuhi limejaa alama za kalamu ya risasi pembeni.

"Baba," alisema, "swali ni zuri. Hesabu ni mbaya."

Nikamwuliza ubaya wake.

"Umewaandika waliokosa tu. Wavuvi waliobaki nyumbani kaskazi nzima wako wapi? Na wasio wavuvi waliokosa siku zile zile wako wapi? Bila ya hao, huwezi kujua kama ni bahari iliyowachukua."

Nilinyamaza kwa muda. Kurasa zile zilikuwa kazi ya miaka minne. Kwa saa moja ya kufundishwa niliona kwamba nilihesabu nusu ya watu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na jibu. Ningalifundishwa hivyo mwaka wa kwanza, leo tungalijua. Msomaji atadhani nilihuzunika. Hasha, nilifurahi kama mtoto, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi mtu alikaa kando yangu akanirekebisha kwa faida ya swali langu. Kisha nikahesabu umri wangu, furaha ikapungua.

Nilimwambia alichukue daftari. Alilisita, kwa kuwa kazi aliyo nayo sasa haina nafasi nalo. Mwishowe alilitia mkobani. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akapanda basi. Njiani kurudi nilipita mahali alipokuwa akikaa mpwa wangu na baiskeli zake. Kijana mwingine amekaa pale sasa, fundi wa pikipiki. Alikuwa ameinamia gurudumu, mikono ina mafuta mpaka viwikoni, na mkubwa wake amesimama nyuma yake akimwonyesha kwa kidole mahali pa kukaza.